Kazi ya Msimamizi wa Utafiti wa Soko, na Sababu ya Chama Chako Kuifahamu



Katika kazi yangu ya ukaguzi husoma maandiko mengi ya miradi ya vyama vya msingi. Chama hiki kinataka mashine ya kukamua alizeti, kile kinataka kujenga ghala, kingine kinataka kununua lori. Ukurasa wa gharama aghalabu huwa umeandikwa kwa uangalifu: bei ya mashine ipo, nauli ya kuileta kutoka Arusha ipo, hata posho ya fundi haikusahauliwa. Lakini nifikapo kwenye ukurasa wa mapato na kuuliza, "Bidhaa hii mtamwuzia nani, na kwa bei gani?" hujibiwa, "Soko lipo, Bwana Mkaguzi." Nikiuliza tena ni nani aliyekwenda kuliona soko hilo, wajumbe wa Bodi hutazamana.

Basi nimeonelea vema katika toleo hili nieleze kazi moja ambayo watu wa mijini huifahamu kuliko sisi, nayo ni kazi ya msimamizi wa utafiti wa soko. Sikusudii kila chama kiajiri mtu wa namna hiyo. Nakusudia kila katibu ajue mtu huyo hufanya nini, ili chama kinapomlipa kijue kinachonunua, na kisipokuwa na fedha za kumlipa kiweze kuifanya sehemu ya kazi hiyo chenyewe bila ya kujidanganya.

TULIYOYAPATA MWAKA 2017

Mfano ulio karibu nasi ni wa mbaazi. Zao hili tunalipanda pamoja na mahindi. Mahindi hutangulia kuvunwa, nazo mbaazi hubaki shambani zikikomaa hadi miezi ya Julai, Agosti na Septemba. Sehemu kubwa ya mbaazi tunazouza huliwa India. Bei ya miaka ya 2015 na 2016 ilitupa moyo, na wengi wakapanua mashamba. Tarehe 5 Agosti 2017, wakati sisi tumo katika kuvuna, Serikali ya India ilitangaza kwamba mbaazi ziingiazo nchini humo kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka wa fedha. Bei iliyokuwa imevuka shilingi 2,000 kwa kilo ikaanguka hadi shilingi mia chache, na wako wakulima walioona heri kuziacha mbaazi shambani kuliko kuwalipa vibarua wa kuzivuna.

Tulisema wakati ule kwamba jambo hilo lilitujia ghafla kama radi. Lakini kwa mtu aliyekuwa akiulizia halikuwa la ghafla. Mavuno ya India yenyewe, ambayo katika mwaka wa kilimo 2015/16 yalikuwa kiasi cha tani milioni 2.5, yalipanda mwaka uliofuata hadi karibu tani milioni 4.8. Mbaazi za huko huanza kuvunwa mwezi wa Desemba, kwa hiyo miezi mingi kabla ya tangazo lile bei katika masoko ya India ilikuwa imekwisha teremka. Tena mwezi wa Julai 2016 India ilikuwa imetia saini mapatano na jirani zetu wa Msumbiji ya kununua kwao kiasi maalumu cha mazao ya jamii ya kunde kila mwaka. Hayo yote yalitangazwa hadharani. Sisi tulimwuliza mnunuzi mmoja tu, yule aliyesimama mbele yetu na mizani yake, tena tulimwuliza swali moja tu: "Leo unatoa bei gani?"

Sisemi kwamba utafiti ungezuia tangazo la India. Nasema ungekipa chama nafasi ya kupunguza mkopo wa pembejeo, au ya kuwaonya wanachama wasiweke matumaini yao yote katika zao moja. Kikomo kile India ilikiondoa mwezi wa Mei 2021, na tangu hapo ruhusa ya kuingiza mbaazi imekuwa ikiongezwa kwa vipindi. Maana yake ni kwamba bei yetu bado inaning'inia kwenye uamuzi unaofanyika mbali na Babati. Hata mnada wa stakabadhi za ghala, pamoja na manufaa yake yote, hutuambia bei ya leo tu. Habari za mwakani hatuzipati mpaka tuzitafute.

MSIMAMIZI NI NANI

Utafiti wa soko ni kuuliza kwa mpango, ili uamuzi wa fedha usitegemee uvumi. Katika utafiti mmoja wamo watu wa namna nyingi. Yupo mwenye shauri, yaani yule anayetaka kujua na anayelipa. Yupo mtungaji wa maswali. Wapo wadodosaji, ambao huenda nyumba kwa nyumba au duka kwa duka. Yupo anayehesabu majibu na kuyachambua. Msimamizi ndiye anayewaunganisha hao wote. Yeye huandika andiko la kazi, hupanga kalenda, hulinda bajeti, hufundisha wadodosaji, hukagua madodoso, na mwisho husimama mbele ya mwenye shauri na kumwambia kilichoonekana.

Nairobi na Dar es Salaam zipo kampuni ambazo kazi yao ya kila siku ni hiyo. Huulizwa na watengenezaji wa sabuni, na makampuni ya simu, na vituo vya redio. Msimamizi wa huko aghalabu huwa na tafiti kadhaa mkononi kwa wakati mmoja: wa kwanza ungali unatungiwa maswali, wa pili wadodosaji wake wako njiani, na wa tatu taarifa yake inasubiriwa kesho asubuhi. Siku yake hupita katika simu, barua na mahesabu, na mara nyingi ni yeye anayelaumiwa mvua ikinyesha na gari likikwama.

Kazi yake yote inakaa juu ya mafiga matatu: muda, fedha na ukweli. Mwenye shauri hutaka jibu mapema na kwa gharama ndogo, naye ana haki ya kutaka hivyo. Lakini muda ukikatwa na fedha zikikatwa, figa litakalotikisika ni la ukweli, kwa sababu ndilo lisiloonekana kwa macho. Msimamizi mwema ni yule anayesema mapema, "Kwa siku hizi na fedha hizi naweza kuuliza vijiji vinne, wala si kumi na viwili," kuliko yule anayekubali kila kitu na kisha kujaza pengo kwa kubahatisha.

KAZI HATUA KWA HATUA

Ili nisiseme kwa nadharia tupu, nitaeleza utafiti mmoja mdogo niliowahi kuombwa kuusimamia. Chama cha msingi kimoja, ambacho sitakitaja, kilitaka kukopa fedha za kununua mashine ya kukoboa na kupasua mbaazi. Mkopo ulikuwa mkubwa, na ungekifikisha chama karibu kabisa na ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kukubaliwa na Mrajis. Kama mashine ingelala, hisa za wanachama ndizo zingelipa.

(a) Kuliweka swali sawa. Bodi ilinipa swali hili: "Je, wananchi wanaitaka mashine?" Nilipaswa kulikataa siku ile ile, lakini sikulikataa, na kosa hilo nitalieleza baadaye. Swali lililofaa lilikuwa: "Ni nani atakayenunua mbaazi zilizokobolewa, kiasi gani kwa mwezi, kwa bei gani, naye sasa ananunua nini mahali pake?" Kazi ya kwanza ya msimamizi ni kuuliza ni uamuzi gani utakaotegemea jibu. Kama hakuna uamuzi utakaobadilika, hakuna haja ya utafiti.

(b) Kusoma kabla ya kuuliza. Yako mengi yaliyokwisha andikwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inayo matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Ofisi ya kilimo ya halmashauri inazo habari za mavuno, na vitabu vya mizani vya chama chenyewe vinaonyesha nani alileta nini na lini. Ni aibu kumlipa mdodosaji posho akaulize jambo lililomo kabatini mwa katibu.

(c) Andiko, kalenda na bajeti. Hapa mahesabu hayakwepeki. Tuchukue mfano. Tuseme tunataka kuuliza kaya 240. Mdodosaji mmoja, akienda kwa miguu na kuuliza kwa utulivu, huweza kumaliza kaya 6 kwa siku. Kwa hiyo kazi ni siku 40 za mtu mmoja, au siku 8 kwa wadodosaji 5. Ongeza siku moja ya mafunzo na siku moja ya kujaribia maswali, zinakuwa siku 10, yaani malipo 50 ya siku. Posho ikiwa shilingi 25,000, fungu hilo peke yake ni shilingi 1,250,000. Bado nauli, uchapaji wa madodoso, na malipo ya atakayehesabu majibu. Kisha weka akiba ya asilimia 10 kwa ajili ya mvua na mambo mengine yasiyotazamiwa. Msimamizi asiyeweka akiba huishia kuichukua kwenye fungu la ukaguzi.

(d) Kuchagua wa kuulizwa. Hapa ndipo wengi huanguka. Mwaka 1936 gazeti moja la Marekani liitwalo Literary Digest lilitaka kutabiri nani atachaguliwa kuwa rais. Lilipeleka kadi kiasi cha milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2, na kutangaza kwamba Alf Landon atashinda. Franklin Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Makosa yalitokea wapi? Majina mengi yalitolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika miaka ile ya dhiki wenye simu na magari walikuwa ndio wenye nafuu. Tena waliorudisha kadi ni wale waliotaka wenyewe kusema. Bwana George Gallup, aliyeuliza watu wachache zaidi lakini kwa kuwachagua kwa uangalifu, alimtaja mshindi wa kweli.

Kwetu hapa kitabu cha simu ni barabara ya lami. Mdodosaji akiachiwa hiari yake atauliza nyumba zilizo kando ya barabara, na wenye maduka, na wale waliozoea kukaa ofisini mwa chama. Wa kule juu Bashnet, ambako nyumba na nyumba hutenganishwa na mteremko, hawatasikika. Dawa yake ni nyepesi. Chukua daftari la wakazi la kitongoji. Kama kitongoji kina kaya 100 nawe unataka 20, utachukua kila kaya ya tano. Andika namba 1 hadi 5 kwenye vikaratasi, uokote kimoja bila kuangalia, na hapo ndipo utakapoanza. Iliyochaguliwa ndiyo itakayoulizwa, hata kama ina mbwa mkali.

(e) Kutunga dodoso. Sasa nitaeleza kosa langu. Kwa kuwa Bodi ilitaka hivyo, niliruhusu swali la kwanza liwe: "Je, chama kikileta mashine ya kukoboa mbaazi, utafurahi?" Siku ya majaribio kila aliyeulizwa alijibu ndiyo. Nilirudi mjini nimefurahi, mpaka usiku nilipokaa na yale madodoso na kujiuliza ni nani atakayemwambia mgeni aliyeketi kwenye kigoda chake kwamba hatafurahi. Zile zilikuwa ndiyo za adabu. Swali lisilomgharimu mtu kitu hupata jibu lisilo na thamani.

Tulilifuta. Mahali pake tukauliza mambo yaliyokwisha tendeka: "Mara ya mwisho nyumba hii kununua mbaazi zilizopasuliwa ilikuwa lini? Mlinunua wapi? Kiasi gani? Mlilipa shilingi ngapi?" Aliyejibu "Hatujawahi" aliandikwa hivyo hivyo. Kadhalika tulikubaliana namna moja ya kuyasema maswali kwa Kiiraqw na kwa Kigorowa, maana kila mdodosaji akijitafsiria njiani, kila mmoja atakuwa anafanya utafiti wake.

(f) Uwandani. Kwanza msimamizi hujulisha serikali ya kijiji, ili wadodosaji wasidhaniwe kuwa watoza ushuru. Pili, huwa karibu. Asiyekwenda uwandani husimamia karatasi tu. Kila jioni nilikusanya madodoso na kuyasoma. Siku ya tatu kijana mmoja aliniletea madodoso 14, yote yamejazwa kwa mwandiko mzuri ulionyooka, bila doa la vumbi. Wenzake walikuwa wameleta matano na sita. Kesho yake nilichukua dodoso moja na kwenda mwenyewe katika kaya iliyotajwa. Nilimkuta mama mzee akipepeta maharage.

"Mama, shikamoo. Jana alifika hapa kijana wetu akakuuliza habari za mbaazi?"

"Marahaba, mwanangu. Jana nimeshinda hapa hapa. Hapakufika mtu, ila mbuzi wa jirani."

Kijana yule alikiri kwamba aliyajaza chini ya mti. Nilimwondoa, nikayatupa madodoso yake yote, hata ya siku zilizotangulia, kwa kuwa sikuweza kujua yapi ni ya kweli. Kazi ikachelewa, na ile akiba ya asilimia 10 ikaliwa. Kwa hiyo nawashauri: katika kila madodoso 10, kaya moja irudiwe na mtu mwingine. Wadodosaji waambiwe hivyo tangu siku ya mafunzo. Mtu akijua kwamba nyayo zake zitafuatwa hupita katika njia.

(g) Kuuliza upande wa pili. Walaji wa karibu ni nusu ya soko. Tuliuliza pia wenye maduka, wapishi wa shule na mahoteli, na wanunuzi wenye maghala Arusha. Wanunuzi hao hawaulizwi kwa dodoso la mistari. Huhitaji mazungumzo marefu, naye msimamizi huyafanya mwenyewe kwa sababu jibu la kwanza la mfanyabiashara si jibu lake la mwisho.

(h) Kuhesabu na kuandika taarifa. Majibu huhesabiwa mara mbili na watu wawili mbalimbali. Taarifa ianze na jibu, kisha ifuate sababu, na mwisho ieleze mahali ambapo utafiti haukufika. Kama uliuliza vijiji vinne, usiandike "wananchi wa wilaya."

TAARIFA ISIYOPENDEZA

Jibu letu halikuwa lile lililotazamiwa. Kaya nyingi tulizozikuta hununua maharage, na mbaazi hula zile za shambani mwao, mbichi au kavu, bila kuzikoboa. Wapishi wa shule walitaka chakula cha bei nafuu, na kukoboa huongeza bei. Nao wanunuzi wa Arusha walitueleza kwamba India hupenda kununua mbaazi nzima, kwani wanavyo viwanda vyao vya kukoboa na hutaka kuvipa kazi. Msumbiji na Malawi wapo wenye viwanda vya kukoboa, lakini hivyo ni viwanda vikubwa vinavyokusanya mzigo kutoka mbali. Mashine moja ya kijijini isingeweza kushindana navyo.

Hata hivyo wanunuzi wale wale walisema jambo ambalo hatukulitazamia. Walilalamikia mchanga, vumbi na mbaazi zilizotobolewa na wadudu. Walikuwa wakikata bei ya mzigo wote kwa ajili ya uchafu wa magunia machache. Kwa hiyo taarifa ilisema: mashine isinunuliwe sasa. Fedha kidogo zitumike kununua maturubai ya kuanikia na chekeche za kusafishia, na chama kipokee mbaazi safi kwa daraja.

Jioni kabla ya mkutano nilijiwa na mjumbe mmoja wa Bodi. Alisema kwa upole kwamba ahadi ya mashine ilikwisha tolewa kwa wanachama, na akauliza kama taarifa haiwezi "kulainishwa kidogo". Sikumchukia, maana nilijua uzito uliomkalia. Nilimjibu kwamba taarifa ikilainishwa leo, mkopo hautalainishwa kesho. Siku ya pili niliisoma kama ilivyokuwa. Palikuwa na maneno makali, na wako walioniuliza ninalipwa na nani. Mwisho mwanachama mmoja mzee alisimama akauliza, "Kama asingetuambia haya, angetuambia nani?" Mkutano ukaamua kuahirisha mkopo. Nimeshuhudia maturubai yakinunuliwa, nami nimeyakuta yakitumika.

SIFA ZA MSIMAMIZI

Kwanza, awe mtu wa kuandika. Makubaliano yaliyofanywa kwa simu ayaandike siku ile ile, maana baada ya mwezi kila upande hukumbuka lake.

Pili, ajue hesabu za kutosha kuona kwamba asilimia 50 ya watu wanne ni watu wawili tu.

Tatu, awe na subira na wadodosaji wake. Wao ndio wanaopigwa na jua, na posho ikicheleweshwa ukweli nao huchelewa.

Nne, atunze siri. Aliyeulizwa alisema mapato yake kwa kuamini kwamba hayatatangazwa. Siku hizi jambo hili si la adabu tu, bali pia liko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Majina yatengwe na majibu, na madodoso yafungiwe kabatini.

Tano, na hii ndiyo kubwa, awe tayari kuleta habari mbaya mapema. Akigundua katikati ya kazi kwamba haitamalizika kwa siku zilizowekwa, amwambie mwenye shauri leo, asingoje siku ya mwisho.

CHAMA KIFANYE NINI

Kwa jambo dogo, kama kuamua aina ya magunia au siku ya kupokea mazao, katibu na wajumbe wawili waweza kufanya udodosi wao kwa kufuata hatua nilizozitaja. Kwa jambo litakalogusa ukomo wa madeni, tafuteni mtu asiye na maslahi katika jibu. Pelekeni ombi kwenye chama kikuu, au kwa Afisa Ushirika wa wilaya. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi nacho, ambacho kilianza mwaka 1963 kikiwa Chuo cha Ushirika, kina walimu waliosomea masoko. Auzaye mashine asikubaliwe kamwe kuwa ndiye mtafiti wa haja ya mashine.

Kabla ya kutia saini mapatano na msimamizi yeyote, Bodi imwulize maswali haya sita, na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao:

1. Ni uamuzi gani utakaotegemea utafiti huu?
2. Nani wataulizwa, na watachaguliwa kwa njia gani?
3. Maswali yatajaribiwa wapi kabla ya kuanza?
4. Nani atawarudia walioulizwa ili kuhakiki, na wangapi?
5. Fedha za akiba ni kiasi gani?
6. Taarifa itasomwa lini mbele ya wanachama, hata kama haipendezi?

Ndugu Makatibu, mwaka 2017 ulitufundisha kwa ada kubwa. Ghala, mashine na lori vyote ni vyema, lakini vyote hununuliwa kwa fedha ya mwanachama aliyeamka alfajiri kupalilia, naye hakutupa fedha hiyo tukabahatishe. Hapana budi tumpe jibu lililotafutwa. Nikija kwenye ukaguzi wa mwaka ujao na kuuliza, "Soko hili ni nani aliyeliona?" natumaini katibu atafungua kabati, anionyeshe madodoso yenye vumbi.